DIWANI NI MJUMBE WETU, TUMTUME



Viko vijiji ambavyo wananchi wamejenga boma la zahanati kwa nguvu zao. Wamesomba mchanga, wamefyatua matofali, wamesimamisha kuta. Kisha kazi imesimama. Bati hakuna. Mvua inanyesha ndani na kuta zinamomonyoka. Mama mjamzito bado anabebwa kwa baiskeli kwenda mbali. Watu wakikaa barazani wanasema, "Diwani wetu amelala!"

Huenda kweli amelala. Lakini na sisi tujiulize: Je, tulimtuma? Tulimtuma nini?

Diwani ni nani?

Hapa Tanzania Bara diwani ni mjumbe wa kata. Kata ya shamba ni vijiji kadhaa vilivyowekwa pamoja. Tunamchagua kila baada ya miaka 5, katika uchaguzi mkuu. Wako pia madiwani wanawake wa viti maalum. Madiwani wa wilaya wakikutana, hilo ndilo baraza la madiwani. Huchagua mwenyekiti kati yao. Kwenye manispaa na jiji mwenyekiti huyo huitwa meya.

Halmashauri hizi hazikuwapo siku zote. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, kazi zao zikashikwa na maofisa wa Serikali. Sheria ya mwaka 1982 ilizirudisha, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Zilirudishwa ili wananchi wawe na sauti. Basi tuitumie.

Nani anaweza kugombea?

Awe raia mwenye umri usiopungua miaka 21. Apendekezwe na chama chake cha siasa. Tena ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Umesikia, ndugu? Kiswahili kinatosha. Wewe uliyehitimu kisomo, mlango huo haukufungwa kwako.

Kwa nini kusoma? Kwa sababu diwani hupewa makabrasha ya mkutano, yenye mipango na hesabu za fedha. Asiyeyasoma atanyoosha mkono kupitisha asichokijua.

Jambo letu linafikaje barazani?

Kwanza, lisemwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria. Tukikaa nyumbani, wengine watasema kwa niaba yetu.

Pili, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Neno la mdomo hupotea njiani.

Tatu, lipelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe.

Nne, diwani alipeleke wilayani. Baraza hukutana kila miezi mitatu, nalo ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ombi likifika mwezi wa Agosti, fedha za mwaka ule zimekwisha kupangwa. Kwa hiyo tuwahi.

Kumbukeni, diwani hana amri ya kutoa bati peke yake. Kule anakutana na wenzake, na kila mmoja ana boma lake. Tumpe silaha ya hoja: watu wangapi watatibiwa hapo? Zahanati ya karibu iko umbali gani? Sisi tumekwisha kuchanga kiasi gani? Diwani mwenye hesabu hizo mkononi si rahisi kupuuzwa.

Akirudi je?

Mjumbe hurudi na majibu. Tumwulize: Ulisema nini? Baraza liliamua nini? Sasa tufanye nini? Jibu la "hapana" nalo ni jibu, ila lazima liletwe kijijini pamoja na sababu zake. Tena mikutano ya baraza ni ya wazi. Mwananchi anaweza kwenda kusikiliza.

Diwani naye akumbuke kuwa yeye ni wa kata nzima, hata wa wale waliomnyima kura. Na sisi tuache kumwomba sukari na nauli. Tukimgeuza duka, atatulipa kwa sukari, na boma litabaki bila bati.

Maswali ya kujadili

1. Diwani wenu alifanya mkutano kijijini kwenu lini?
2. Ni jambo gani moja mngependa alipeleke barazani?
3. Je, jambo hilo limeandikwa wapi?

Kama swali la tatu halina jibu, anzeni hapo.