Je, Wajua? Kabla Hujamwita Sungura Wako Mgumba

• Sungura jike hana siku maalumu za joto kama ng'ombe. Mayai yake humngoja dume: hushuka saa 10 hadi 12 baada ya kupandwa.

• Hata hivyo, si kila siku atakubali. Mgeuze taratibu umtazame uke. Ukiwa mwekundu na wenye unyevu, mpeleke kwa dume. Ukiwa mweupe na mkavu, subiri siku mbili tatu.

• Jike ndiye anayepelekwa, si dume. Dume akiingizwa kwenye kizimba cha jike, hupoteza muda akinusanusa kona, na mwenye kizimba anaweza kumng'ata.

• Kuna mimba ya uongo. Jike akiparamiwa na jike mwenzake, mayai huweza kushuka bure. Atamkataa dume kwa siku 16 hadi 18, kisha atajinyonyoa manyoya na kutandika kiota kisicho na watoto.

• Joto likizidi nyuzi 30, jike hula kidogo na mimba changa huweza kufa. Dume naye mbegu zake hudhoofika, na huchukua wiki kadhaa kurudi hata hali ya hewa ikipoa. Kwa mfugaji wa Tanga au Mombasa, makuti ni afadhali kuliko bati tupu.

• Ulaya, ambako mchana wa majira ya baridi ni mfupi, mabanda ya biashara huwashwa taa hadi saa 16 kwa siku, kwa sababu giza refu hupunguza hamu ya jike.

• Jike mnene kupita kiasi hushika mimba kwa shida, na aliyekonda vilevile. Pitisha vidole kwenye uti wa mgongo: pingili zikichoma, mwongeze chakula; usipozipata kabisa, mpunguzie.

• Jike anaweza kushika mimba tena siku ileile aliyozaa. Lakini kunyonyesha na kubeba mimba kwa pamoja humla mwili, na uzao unaofuata huweza kuwa mdogo. Mpumzishe.

• Mama hunyonyesha kwa dakika chache tu, kwa kawaida mara moja kwa siku. Ukiwakuta watoto wana matumbo ya duara, hajawatupa.

• Chuchu ni 8 hadi 10. Pandisha majike wawili siku moja, ili aliyezaa watoto wengi kuliko chuchu zake asaidiwe kulea na mwenzake.

• Mimba huchukua takriban siku 31. Weka sanduku la kuzalia siku ya 28. Vichanga huzaliwa bila manyoya, na wakidondokea kwenye waya mtupu, baridi huwaua.

• Kadi ya kizimba ni mkaguzi mzuri. Andika tarehe, jike na dume aliyempanda. Majike watatu wa dume mmoja wakikosa mimba, anza kumchunguza dume kabla hujapeleka jike sokoni.