Grisi ya Rili Haichaguliwi kwa Rangi

Kazi yangu ni kufungua na kusafisha rili za boti za uvuvi hapa Watamu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, mafuta mazuri ya rili ni yapi?" Anayeuliza hutarajia nimtajie mkebe mmoja anunue, mambo yaishe. Mimi humwuliza kwanza anataka kuyatia wapi. Ndani ya rili moja ya kuvulia nduaro mna sehemu zinazozunguka mbio, sehemu zinazobeba uzito, na sehemu moja ambayo kazi yake yote ni kusuguana. Mafuta yanayoifaa moja huiharibu nyingine.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili tangu enzi za majahazi. Mbao zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu inayokaa majini ikapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Kila kimoja kilikuwa na mahali pake, wala hapakuwa na ubishi.

Adui wa rili ni chumvi. Msimu wetu mkubwa ni kaskazi, Novemba hadi Machi, boti zinapotoka alfajiri na kurudi alasiri, rili zikiwa zimerushiwa maji kutwa nzima. Wengi hudhani maji hayo yakishakauka hatari imekwisha. Chumvi ya bahari huvuta unyevu hewani, na hewa ya pwani haikosi unyevu, kwa hiyo chembe iliyojificha nyuma ya beringi hubaki mbichi siku nyingi ikila chuma taratibu. Fremu ya rili kubwa kwa kawaida ni ya alumini, na skrubu zake ni za chuma kisichoshika kutu. Metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji ya chumvi, hupita umeme mdogo kati yao, na alumini ndiyo inayoliwa. Dalili yake ni ungaunga mweupe kando ya kichwa cha skrubu. Ukiuona umechelewa kidogo: skrubu imeshikana na fremu, na ukilazimisha bisibisi utakula kichwa chake kabla haijalegea. Dawa ni ndogo mno hata inauma kuona watu hawaitumii. Kila unapofunga rili, chovya ncha ya njiti ya meno kwenye grisi, paka meno ya skrubu, ndipo uirudishe.

Sasa, grisi yenyewe ni nini? Ni mafuta yaliyochanganywa na kitu cha kuyashika yasitiririke, mara nyingi sabuni ya metali kama lithiamu au kalsiamu. Uzito wake hupimwa kwa namba za NLGI, kuanzia 000 ambayo inamwagika kama uji, hadi 6 ambayo ni ngumu kiasi cha kukatwa kwa kisu. Inayouzwa katika maduka mengi ya spea za magari ni namba 2, na kwa gia za rili namba hiyo inatosha. Ninapochagua, natazama zaidi ile sabuni. Grisi ya zamani ya sodiamu huyeyuka majini, haifai kabisa baharini. Ya lithiamu hustahimili maji vya kutosha ikiwa rili inasafishwa kwa wakati. Ya kalsiamu salfoneti ndiyo ninayoipenda, maana huyavumilia maji ya chumvi na yenyewe huzuia kutu. Soma mkebe. Usichague kwa rangi, kwa sababu bluu, nyekundu au kijani ni rangi tu iliyotiwa kiwandani. Grisi mbili za bluu zaweza kuwa hazina undugu wowote. Tena usipake mpya juu ya ya zamani usiyoijua. Sabuni zisizopatana zikichanganyika, grisi hulainika ikatiririka, na gia zikabaki kavu. Osha kwanza kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka shaba ya gia ing'ae, kausha, kisha paka utando mwembamba unaofunika meno yote. Nahodha mmoja huniambia nijaze, "Bwana fundi, tia nyingi, nimelipa." Grisi iliyozidi hutupwa pembeni gia zinapozunguka, na ndani ya rili, pembeni ndiko kwenye breki.

Beringi zinataka fikira kidogo. Kijana anayesimama kwenye mwamba akirusha chambo bandia kutafuta kolekole anahitaji ngoma ya mshipi izunguke bila kizuizi, au kama rili yake ni ile ambayo ngoma haizunguki anaporusha, anahitaji kile kigurudumu kidogo kinachoongoza mshipi kiwe chepesi. Hapo ni mafuta mepesi, tone moja au mawili. Mafuta safi ya cherehani yanafaa kama huna yaliyotengenezwa kwa rili. Kigurudumu hicho ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachopitiwa na mshipi wote uliolowa chumvi. Kikiganda, mshipi husugua chuma na kulika pasipo mtu kujua. Boti inayokokota chambo, kwa upande mwingine, hairushi chochote. Ngoma yake haina haja ya kuzunguka kama pia, kwa hiyo beringi zake mimi huzijaza grisi ya bahari ili maji yasipate nafasi. Kuna mafundi wasiokubaliana nami katika hili, lakini sijashawishika. Pale ambapo hatubishani ni ile beringi ya njia moja inayozuia mpini usirudi nyuma: hiyo ni mafuta mepesi tu, kidogo sana. Ukiipaka grisi nzito, viringo vyake vitateleza na mpini utarudi kwa nguvu ukampiga mvuvi vidole.

Tufike kwenye breki, ile sehemu ya kusuguana niliyoitaja mwanzo, maana kila kitu nilichosema hadi sasa ni utangulizi wake. Mshipi wa ratili 80 kwa desturi huwekewa breki ya karibu theluthi moja ya nguvu yake, kama kilo 12 hivi. Nduaro akivuta mita 500 za mshipi dhidi ya breki hiyo, nguvu yote inageuka joto, na joto hilo linakaribia kuchemsha kikombe kizima cha maji. Linazaliwa ndani ya sahani chache zinazotosha kiganjani. Grisi ya gari ikipata joto la namna hiyo hutoa mafuta yake na kuyaacha yatambae, na sahani zinaanza kushika na kuachia, kushika na kuachia. Kila inaposhika, mshipi hupigwa kwa nguvu kubwa kuliko ile uliyopima. Sulisuli akiruka wakati huo, mshipi unakatika.

Hilo linanigusa zaidi ya hasara ya mteja. Nduaro na sulisuli wengi wanaovuliwa hapa hutiwa alama na kuachiliwa. Shirika la African Billfish Foundation linaloshughulikia utiaji alama huo liko hapa hapa Watamu. Samaki aliyekata mshipi anaondoka na ndoana mdomoni na mita nyingi za nailoni nyuma yake. Breki laini humfikisha botini mapema, akiwa bado na nguvu za kuogelea akiachiliwa.

Kwa hiyo breki ina grisi yake maalumu, iliyotengenezwa kwa sahani za kaboni, na inauzwa katika vichupa vidogo vya bei inayotisha. Lipa. Kichupa kimoja hudumu muda mrefu, kwa sababu unachopaka ni kiasi cha kuing'arisha sahani tu, kisha unapangusa kilichozidi. Lakini kabla hujapaka, tazama rili ilitoka vipi kiwandani. Rili nyingi za breki ya mkono wa pembeni hutoka sahani zikiwa kavu, na kavu zibaki kavu; hata alama ya kidole chenye mafuta isafishwe kwa spiriti. Zilizotoka na grisi zirudishiwe grisi ya aina ile ile. Mafuta mepesi hayaingii hapo kamwe.

Wala WD-40 haiingii. Kila boti ina mkebe wake, nami pia ninao mezani. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, ikatumika kukinga ganda la roketi za Atlas lisishike kutu, na kwa kulegeza skrubu iliyoganda inasaidia sana. Ila ni nyepesi mno kubeba mzigo, na ukiipulizia ndani ya rili inaosha grisi uliyoinunua kwa pesa. Mafuta ya nazi nayo, pamoja na heshima yote tunayoyapa jikoni na kichwani, huchacha na kunata.

Ukirudi pwani, kaza breki kabla ya kuosha, ili maji yasipenye kati ya sahani. Mwagia maji baridi taratibu, usielekeze bomba lenye kasi, kwani linaisukuma chumvi ndani. Pangusa, kisha legeza breki kabisa kabla ya kuweka rili kabatini, sahani zisibanane usiku kucha.

Na kabla ya safari, funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, mwenzako ashike rili, vuta polepole halafu kwa kasi. Sindano ikitulia mahali pamoja, nenda baharini. Ikirukaruka, rili hiyo isipande boti. Irudi mezani ifunguliwe tena.