Tropheus wa Ziwa Tanganyika Katika Maji ya Johannesburg

Tukisikia Ziwa Tanganyika, wengi wetu tunawaza dagaa na migebuka. Lakini Troyeville, mashariki kidogo ya katikati ya jiji la Johannesburg, tulikuta sebuleni kwa mzee mmoja wa Kalemie samaki wa ziwa hilo wasiokwenda kikaangoni: Tropheus, weusi wenye mkanda wa rangi ya chungwa, kama wale wa Bemba upande wa Kongo. Tulitaka kuwasifu. Yeye alitaka kuzungumzia bomba. "Batoto, maji ya huku iko na dawa."

Dawa yenyewe ni kloramini. Rand Water, shirika linalosafisha maji ya Johannesburg, hutia klorini, kisha kwenye vituo vya mbele hutumia kloramini ili kinga idumu hadi kwenye mabomba ya mbali. Klorini tupu huondoka ukiacha ndoo wazi usiku kucha. Kloramini haiondoki kirahisi hivyo, kwani ni klorini iliyoshikana na amonia, na baadhi ya dawa za kuondoa klorini huvunja tu muungano huo na kuiacha amonia majini.

Hapo ndipo samaki wa Tanganyika wanapoumia kuliko wengine. Maji ya ziwa lao yana pH ya takriban 8.6 hadi 9.2. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, amonia iliyo sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote; pH ikifika 9, inapita theluthi moja. Basi anayemimina magadi ya kuokea ili maji yafanane na ya ziwani, huku amonia imo, anawatilia samaki sumu kwa nia njema. Mzee hununua dawa inayofunga na amonia pia. Sponji za chujio hazioshi bombani kamwe. Huzikamua katika maji yaliyotolewa tangini, maana bakteria wanaokula amonia wanaishi humo.

Halafu kuna hewa, jambo ambalo sisi hatukulitarajia. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mita 770 hivi. Kwa nyuzi 25, maji ya huku hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, na ya kule 7.5. Kwa hiyo pampu ya hewa haipumziki, na umeme ukikatika huwashwa nyingine ya betri. Wakati huo hakuna kulisha. Kukatika kukiwa kwa saa nyingi, chujio lililofungwa halirudishwi kazini kabla ya kumwagwa maji yake, kwa sababu bakteria waliokosa hewa humo huwa wameanza kufa na kuoza.

Chakula chao ni rahisi, lakini wengi huwaua nacho. Tropheus hukwangua mwani mawemawe, na utumbo wao ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili. Moyo wa ng'ombe au minyoo huwavimbisha tumbo. Dalili ya mwanzo ni samaki kutema chakula na kutoa kinyesi cheupe chembamba. Mzee huwapa spirulina, kidogokidogo.

Tuliuliza kwa nini asiongeze wa manjano, tangi lipendeze. Alikataa katakata. Kila kipande cha mwambao wenye mawe kina Tropheus wa rangi yake, na wakichanganywa tangini huzaliana, na watoto wanaotoka si wa popote. (Mwenzetu wa isimu alianza kutaja lahaja, tulimnyamazisha.)

Jike mmoja alikuwa na mashavu yaliyotuna na hakuacha kutafuna. Mayai yalikuwa kinywani, machache na makubwa, na yeye huyabeba kwa takriban mwezi mmoja. Hula kidogo ili kuwalisha walio ndani. Tulipoaga, jioni ya Julai, taa zilizimika mtaa mzima. Mzee alikuwa ameshachukua blanketi kitini, akaanza kulizungushia tangi.