Unataka kurudia tarumbeta? Mdomo wako haukukusubiri

Maswali mazito ya wagonjwa huja wakati wameshashika kitasa cha mlango. Nimepima, nimeandika dawa, tumeagana, halafu mtu anageuka: "Na jambo moja dogo tu, daktari." Mwezi uliopita aliyegeuka alikuwa mzee wa miaka 58, mgonjwa wangu wa presha kwa miaka saba, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake bila jina. Amestaafu. Ujanani alipiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, akaliacha alipoanza kuhangaika na kazi na ada za watoto. Sasa analitaka tena. Mkewe anasema presha itapanda aanguke, jirani anasema atapata ngiri, na mwanawe amemwambia kifua cha mzee hakina tena pumzi hiyo.

Nilimwomba akae tena. Foleni nje ilikuwa ndefu, lakini swali lake nililijua vizuri. Mapema mwaka huu nilijiuliza mimi mwenyewe, nikajijibu vibaya.

Mimi ni mtoto wa Rungwe, wa nyumba ya Wamoravian. Kwetu Pasaka huanzia makaburini kabla jua halijachomoza, na matarumbeta huwa mbele. Baba alipiga humo, naye ndiye aliyenifundisha nikiwa na miaka 11. Nilipiga hadi nilipoondoka kwenda kusomea udaktari nikiwa na miaka 19, na tarumbeta likabaki nyumbani juu ya kabati. Baba alifariki Agosti mwaka jana. Pasaka ya kwanza bila yeye nilitaka kupiga mbele ya kaburi lake. Nilikuwa na wiki sita za kujiandaa, baada ya miaka 25 ya kutogusa chombo.

Wiki ya kwanza ilinidanganya. Vidole vilikumbuka vali zote tatu, macho yalisoma noti, pumzi ilikuwepo. Siku ya nne nilipiga saa nzima, siku ya tano saa moja na nusu. Kila mdomo ulipochoka, nilikandamiza chombo usoni kwa mkono hadi noti ya juu ikatoka. Siku ya nane niliamka mdomo wa juu umevimba na una ganzi katikati. Nilitibu watu nikiwa nimevaa barakoa, na aliyeuliza nilimwambia ni mafua. Nilipoteza siku 12.

Mzee anayeongoza bendi ya nyumbani nilipompigia simu alicheka kwanza. "Mwanangu, umerudi na kichwa," akasema. "Mdomo bado uko njiani."

Sijaona maelezo ya kitabibu yaliyo mafupi kuliko hayo. Sauti ya tarumbeta hutokana na midomo inayotetemeka ndani ya kipulizio, kile kikombe kidogo cha chuma. Anayeishika midomo isilegee ni msuli wa mviringo unaouzunguka mdomo, pamoja na misuli midogo ya mashavu na ya kidevu. Mambo ya vidole na masikio ubongo huyatunza miaka mingi, kama vile mtu asivyosahau kuendesha baiskeli. Msuli usiotumika, kinyume chake, huanza kupungua nguvu ndani ya wiki chache tu. Kwa hiyo anayerudi huwa na akili ya mpigaji mzoefu na mdomo wa mtoto wa darasa la nne, na akili humwamrisha mdomo kufanya usichokiweza. Mwanafunzi mpya haumii hivyo kwa urahisi, maana hata hiyo noti ya juu haijui.

Mkono ndio unaoharibu. Mdomo ukichoka, mkono huja kusaidia kwa kukandamiza, damu huzuiliwa kufika kwenye mdomo, na nyama hubanwa kati ya chuma na meno. Mara nyingi matokeo ni uvimbe unaopita. Mara chache msuli huchanika. Louis Armstrong, mpigaji mashuhuri wa Marekani, aliumiza mdomo wake kiasi cha kulazimika kupumzika kwa miezi katikati ya miaka ya 1930, na madaktari baadaye waliita kuchanika huko kwa jina lake la utani, Satchmo. Ukiona ganzi isiyoisha, au noti ulizokuwa nazo zimekutoka kwa siku kadhaa hata baada ya kupumzika, acha kupiga uende hospitali.

Basi anza hivi. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni kwa wiki mbili za kwanza, noti za chini na za katikati tu, kwa sauti ya kawaida. Ukipiga dakika moja, pumzika dakika moja, chombo kikiwa mapajani. Sauti ikianza kukwaruza au mdomo kutetemeka, hapo umemaliza kwa siku hiyo, hata kama zimepita dakika sita. Ongeza dakika tano kila wiki, na siku moja kwa wiki usiguse kabisa. Najua inachosha. Mimi niliona ni mzaha mpaka nilipovimba.

Sasa nirudi kwa mzee wangu na hofu za nyumbani kwake. Mkewe hakukosea kabisa. Unapopuliza kwa nguvu, hasa noti za juu, shinikizo ndani ya kifua hupanda, damu inayorudi kwenye moyo hupungua kwa muda, na wengine huona kizunguzungu au nyota. Presha nayo hupanda na kushuka. Kwa mtu ambaye presha yake imetulia kwa dawa, kupiga kwa kiasi si tatizo kwa walio wengi. Ikiwa vipimo vyako ni 180 kwa 110 au zaidi, usianze, ishushe kwanza. Na kizunguzungu kikija, kaa chini. Usiwe shujaa mbele ya kwaya.

Jambo ambalo hakuna aliyemtajia ni macho. Kupuliza noti za juu kwa nguvu hupandisha pia presha ya ndani ya jicho, nayo hushuka ukiacha. Kwa jicho zima hilo si kitu. Kwa mwenye glakoma ni suala la kujadili na daktari wa macho kabla ya kununua hata mafuta ya vali. Glakoma ya kawaida haiumi mwanzoni, na sisi Waafrika tunaipata zaidi na mapema zaidi kuliko Wazungu. Aliyevuka miaka 40 na hajawahi kupimwa presha ya macho, tarumbeta limpe sababu ya kwenda.

Ngiri: kupuliza peke yake hakujathibitika kuileta kwa mtu mzima mwenye tumbo imara, lakini aliye nayo tayari anaweza kuizidisha. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, aliyeshonwa ngiri, aliyetolewa mtoto wa jicho, au aliyewahi kupasukiwa pafu, asipulize bila ruhusa ya aliyemtibu. Na meno! Kipulizio huegemea meno ya mbele. Kama tangu uache umeng'olewa jino au umewekewa ya bandia, mwambie daktari wa meno kwamba wewe ni mpigaji, ikiwezekana nenda na chombo chenyewe. Pembe yako ya zamani huenda haifai tena.

Kuhusu pumzi, mwanawe alikosea. Mapafu hupungua nguvu kwa umri, ila tarumbeta halihitaji mapafu ya mwanariadha. Kinachohitajika ni kuitawala pumzi.

Osha chombo kabla ya kukipuliza mara ya kwanza. Langu lilikuwa na nyumba ya nyigu ndani, ya udongo mkavu, nilipoligonga likamwaga vumbi jekundu mezani. Ndani ya mirija iliyokaa na unyevu huota ukungu na vijidudu, nawe huvuta pumzi ukiwa umekigusa kwa mdomo. Mwaka 2016 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mzee wa miaka 61, mpiga zumari la mfuko, ambaye mapafu yake yaliharibika akafariki, na ndani ya chombo chake wakakuta fangasi wa aina kadhaa. Ni tukio la nadra sana. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi nyembamba vinatosha. Kipulizio kikinasa usikigonge kwa nyundo, mpelekee fundi.

Wazazi huniuliza kuhusu kifua kikuu, kwa sababu bendi nyingi zetu zina matarumbeta machache na watoto wengi. Kifua kikuu husambaa kwa hewa ya mtu anayekohoa. Hakiambukizwi kwa kipulizio. Mwenzao anayekohoa wiki mbili au zaidi kwenye chumba cha mazoezi kilichofungwa madirisha ndiye wa kupelekwa kupimwa, na vipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Kipulizio huambukiza mafua na malengelenge ya mdomo, hivyo kila mtoto awe na chake. Mtoto mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kupiga, inhela ikiwa mfukoni. Aliyekaa miezi bila kupiga kwa sababu ya ugonjwa, au aliyefungwa waya za kunyoosha meno, naye aanze na dakika 10 kama babu yake, mwalimu asimharakishe kwa ajili ya mahafali.

Pasaka ilifika nikiwa na dakika 20 tu za mdomo. Kule kwetu ni msimu wa mvua kubwa, ukungu ulikuwa mzito na chombo kilikuwa baridi kiasi cha sauti kushuka, nikawa nakishika ndani ya koti. Mzee wa bendi alinipa sauti ya pili, ya chini, nipige ubeti mmoja na kunyamaza mmoja. Kwenye kaburi la baba zamu yangu ilikuwa ya kunyamaza. Nilisimama nimelishika, wenzangu wakapiga, kisha ubeti uliofuata nikaingia.

Mzee wangu wa mlangoni presha yake ilikuwa 138 kwa 84. Macho amepimwa, yako salama. Anarudi kliniki wiki ya tatu ya mwezi ujao, na nimemwambia aje na mkewe.