Jinamizi Halikutumwa na Jirani

Nilikuwa kidato cha nne, nalala kitanda cha juu cha dabodeka, karibu na dirisha. Ilikuwa wiki ya mitihani ya majaribio na tulikuwa tukibukua mpaka saa nane usiku. Alfajiri moja nikafumbua macho. Nilikiona chandarua, nikaziona nondo za dirisha, nikamsikia mwenzangu wa kitanda cha chini akikoroma. Mwili ukakataa kutikisika. Nilitaka kuita, ulimi ukawa mzito kama gogo. Mara nikajua, sijui kwa hisia ipi, kuwa kuna mtu kasimama upande wa miguuni. Akapanda. Akanikalia kifuani, pumzi ikakata.

Kiswahili kina jina la jambo hili tangu zamani: jinamizi. Bwenini tulisema tu "kukabwa". Kulipokucha nikawasimulia wenzangu, nao hawakuhitaji hata kufikiri, walishamjua aliyenikaba. Ni mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza vitumbua nyuma ya uzio wa shule, mwenye macho mekundu. Yale macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, lakini hakuna aliyelifikiria hilo. Mpaka mwisho wa wiki hakuna mwanafunzi aliyenunua kitumbua chake, wala mimi.

Mama yule hakujua kwa nini wateja walimkimbia. Mimi nilikuja kujua kilichonikaba miaka mingi baadaye, na ndiyo sababu naandika haya.

Habari yenyewe inaanzia Chicago, Marekani, kwa mtoto wa miaka minane. Mwaka 1951 mwanafunzi wa chuo kikuu, Eugene Aserinsky, alimbandika mwanawe Armond nyaya pembeni mwa macho, akamlaza, kisha akakaa chumba cha pili kutazama kalamu za mashine zikichora mistari. Kwa muda mrefu mistari ilitulia. Ghafla kalamu za macho zikaanza kurukaruka kama za mtu aliye macho anayeangaza huku na huku. Aserinsky alidhani mashine imeharibika. Alipokwenda kumtazama mtoto, alimkuta amelala fofofo, mboni zinakwenda mbio chini ya kope. Mwaka 1953 yeye na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, walitangaza matokeo: usingizi una kipindi ambacho macho hutembea kasi, na ukimwamsha mtu wakati huo, mara nyingi atakuambia alikuwa anaota. Katika mara 27 walizowaamsha watu hivyo, mara 20 walisimuliwa ndoto.

Usingizi huo wa ndoto huja kwa mizunguko, takriban kila dakika 90, na huwa mrefu zaidi kadiri asubuhi inavyokaribia.

Kule Lyon, Ufaransa, mtafiti Michel Jouvet aliona jambo la pili. Katika kipindi hiki ubongo wa paka unachemka kama wa paka aliye macho, huku misuli yake imelegea kama nguo iliyoloa. Akauita usingizi wa kinyume. Kisha akaharibu sehemu ndogo sana ndani ya shina la ubongo la paka, ile aliyoshuku kuwa ndiyo inayolegeza misuli. Paka wale, wakiwa usingizini kabisa, walisimama, wakanyemelea, wakarusha makucha kumpiga adui ambaye hayupo. Walikuwa wakiitenda ndoto yao.

Kumbe kila usiku tunafungwa. Shina la ubongo hupeleka amri kwenye uti wa mgongo, na neva zinazoendesha mikono, miguu na ulimi hunyamazishwa mpaka ndoto ipite. Mwaka 2012 watafiti wa Toronto, Kanada, walionyesha kwa panya kwamba kamba hiyo ni kemikali mbili, glaisini na gaba, zikifanya kazi pamoja. Na kamba hiyo ni rehema. Mwaka 1986 madaktari wa Minnesota walieleza habari za wazee ambao kamba yao imelegea: walipiga ngumi usingizini, waliruka kutoka kitandani, wengine waliwaumiza wake zao waliolala nao.

Jinamizi ni kamba hiyohiyo ikichelewa kufunguliwa. Fahamu imeamka, mwili bado uko ndotoni. Ndiyo maana unaona chumba chako kilivyo, na bado unaona na visivyokuwemo: ndoto haijazimwa, inamwagika juu ya chandarua na ukuta.

Na ile pumzi? Hapa napenda kusimama kidogo, kwa sababu ndipo palipo na hofu kubwa. Misuli ya katikati ya mbavu nayo hulegea wakati wa ndoto. Kazi ya kupumua hubaki kwa kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, ambao haufungwi. Kinaendelea polepole, kwa pumzi fupifupi, na mwili unapata hewa ya kutosha. Shida huja pale unapoamka na kutaka kuvuta pumzi kubwa kwa nguvu zako mwenyewe. Kifua hakitii. Ubongo unatafuta sababu ya kifua kutopanda, na sababu iliyo karibu ni moja: kuna mzigo juu yake. Wakati huohuo sehemu za ubongo zinazolinda dhidi ya hatari ziko macho kupita kiasi. Mwili uliofungwa, mzigo kifuani na kengele ya hatari vikikutana, ubongo unamchora mtu.

Amevaa nguo gani mtu huyo, hilo hutegemea mahali ulipozaliwa. Newfoundland, Kanada, ni kikongwe. Misri ni jini. Japani wanasema umefungwa kwa minyororo isiyoonekana, na wanaita kanashibari. Mchoraji Henry Fuseli, mwaka 1781, alimchora kama kijitu cha kutisha kilichomkalia mwanamke kifuani. Mapitio ya tafiti 35 yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta kwamba karibu watu 8 katika kila 100 wamepatwa na hali hii walau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa karibu 28. Niliposoma namba hiyo nilikumbuka bweni letu na zile saa nane za usiku.

Watafiti Baland Jalal na Devon Hinton walilinganisha Wamisri na Wadenmark waliowahi kukabwa. Wamisri waliogopa zaidi kwamba watakufa palepale, na walisema kifungo chao kilidumu muda mrefu zaidi. Watafiti hao wanaona kuwa imani ya kutisha huongeza hofu, na hofu humrefushia mtu mateso. Hadithi tunazowasimulia watoto kuhusu usiku zinaweza kuingia nao kitandani.

Visiwani tunalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianza Pemba ikafika Unguja. Watu walisimulia kiumbe kinachoingia usiku, kinachomlemea aliyelala na kumnajisi. Familia zikatoa mikeka nje na kukesha pamoja. Wapo watafiti wanaosikia sauti ya jinamizi ndani ya simulizi zile. Hofu ile ilikuwa na mizizi mingine pia, ya siasa na ya historia, na sitaki kuifanya yote kuwa habari ya misuli. Ila mjini Zanzibar mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye. Na Kanda ya Ziwa, vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu. Ninapoyakumbuka hayo, yule mama wa vitumbua hanitoki.

Likizo ile nilikwenda kwa bibi yangu Tanga. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakumtaja mtu yeyote. Aliuliza jambo moja:

"Ulilala chali, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi lala ubavu wa kulia, usome dua, na usiku ulale kama watu."

Bibi hakuwahi kuona maabara, lakini tafiti zinakubaliana naye: kulala chali, kukosa usingizi, kubadilisha zamu za kazi na msongo wa mawazo, vyote huongeza uwezekano wa kukabwa. Hata dua ina nafasi. Njia ambayo Jalal anaipendekeza ina hatua nne: jikumbushe kuwa hali hii ni ya kawaida na itapita, jiambie huna sababu ya kuogopa, elekeza moyo kwa kitu unachokipenda, iwe sala au sura ya mama yako, na ulegeze mwili bila kushindana na kamba.

Mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu, dereva wa masafa marefu, mama mwenye kichanga: hao ndio wa kuambiwa haya kwanza. Anayekabwa mara kwa mara, anayesinzia ovyo mchana, au anayelegea magoti akicheka, amwone daktari, kwa kuwa upo ugonjwa wa usingizi wenye dalili hizo, na dalili zake huweza kudhibitiwa kwa kiasi kikubwa.

Wengine wote, mkiamshwa leo usiku na mzigo kifuani, kumbukeni kwamba kiwambo kinapumua na hakuna jirani aliyepanda kitandani. Kwa kawaida kamba hufunguka yenyewe ndani ya sekunde kadhaa, au dakika chache.