Pikipiki ikirusha, kabureta isihukumiwe kwanza

Abiria wa bodaboda anaujua mshtuko huu hata kama hajawahi kushika usukani. Dereva anapunguza mwendo kabla ya tuta, anaachia resi, halafu anaivuta tena kidogo tu. Pikipiki inasita, kisha inaruka mbele na shingo ya abiria inabaki nyuma. Kijiweni hukumu hutolewa papo hapo: kabureta chafu. Inafunguliwa, inaoshwa kwa petroli, jeti zinapulizwa, skrubu ya hewa inachezewa, na jioni mshtuko uko palepale. Ninachosema hapa ni kwamba mara nyingi kosa haliko kwenye mafuta. Liko kwenye ulegevu uliojilimbikiza kati ya kiganja cha dereva na tairi la nyuma, na huko ndiko uchunguzi unakopaswa kuanzia.

Tuanze mkononi. Waya wa resi lazima uwe na nafasi ya kucheza kidogo. Vitabu vya Honda huruhusu milimita 2 hadi 6 kwa pikipiki zake nyingi, zikipimwa kwenye ukingo wa gripu. Ikizidi hapo, kiganja huzunguka bure, halafu resi inadaka ghafla na dereva anajikuta amefungua zaidi ya alivyokusudia. Ikikosekana kabisa, akikata kona usukani unauvuta waya na injini inapanda yenyewe. Kisha cheni. Injini inapovuta, upande wa juu wa cheni ndio unaokaza. Resi ikifungwa, tairi ndilo linaloisukuma injini, na upande wa chini unakaza. Kila dereva anapotoka kwenye kuachia kwenda kuvuta, ulegevu wote lazima umezwe kwanza, na kwa nukta hiyo fupi injini inakimbia bila mzigo. Inapodaka, inapiga. Gia ya kwanza huzidisha pigo hilo, ndiyo maana malalamiko mengi ni ya foleni na matuta, si ya barabara kuu.

Lakini sehemu inayosahaulika kuliko zote haionekani kwa nje. Kwenye bodaboda nyingi, sproketi ya nyuma haijafungwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Kati yake na hab pamewekwa vipande vya raba nene, kila kimoja ndani ya chumba chake, na chuma kinachobeba sproketi kina mbawa zinazoingia katikati ya raba hizo. Kazi yake ni kumeza pigo kabla halijafika kwenye tairi. Raba mpya hujaza chumba kiasi kwamba fundi huisukuma kwa kiganja ndipo ikae. Raba iliyochoka hudondoka yenyewe gurudumu likiinamishwa: kona zimekuwa mviringo, ubavu unang'aa na una mfereji pale mbawa ilipokuwa ikigonga, na chini ya chumba kuna unga mweusi. Kuitambua hakuhitaji hata spana. Fundi mjuzi huiweka pikipiki kwenye stendi ya kati, injini imezimwa na gia imeingia, kisha hulichezesha tairi mbele na nyuma kwa mkono huku jicho likiwa kwenye sproketi. Tairi likisogea na sproketi ikatulia, raba zimekwisha. Vikisogea pamoja na cheni ikapigapiga, cheni ndiyo iliyolegea. Kinachobaki ni cha ndani ya gia boksi, na hicho hakiondoki chote, kwa kuwa gia zinahitaji upenyo ili ziingiane. Asiye na raba mpya hukata vipande vya tyubu kuukuu akavibana pembeni ya zile za zamani, na mshtuko unapungua bila kabureta kuguswa. Sijui ushahidi gani mwingine unahitajika.

Wapo watakaosema kabureta isiachiwe hivihivi, nao wana hoja. Jeti ndogo ndiyo inayolisha injini resi ikiwa imefunguliwa kidogo. Ikiziba, injini inasita mahali palepale panapolalamikiwa. Ila injini inayosita hata ikiwa huru kwenye stendi si sawa na ile inayopanda vizuri ikiwa huru na kurusha ikiingizwa gia. Pikipiki za sindano za mafuta nazo zina yake: kompyuta hukata mafuta resi inapofungwa katika mwendo, kisha huyarudisha, na kurudi huko kunasikika. Hapo chanzo ni programu, lakini cheni iliyolegea hulikuza tatizo. Wengine watasema dereva mzoefu hugusa breki ya nyuma huku resi ikiwa wazi kidogo, cheni isipate kulegea. Ni kweli, na ni ufundi mzuri. Ufundi huo humpumzisha abiria; hauzirudishii raba unene wake.

Kwa nini basi kabureta ndiyo hufunguliwa kwanza? Kwa sababu inafikika. Gurudumu la nyuma linadai kutoa ekseli, kufungua breki na kupanga cheni upya, wakati hesabu ya bosi ya siku hiyo inasubiri. Na raba hizo anunue nani, dereva wa mkataba au mwenye pikipiki? Oili na tairi hubishaniwa waziwazi. Raba ni nadra kutajwa. Hata vile vipande vya tyubu, vitahimili mishikaki ya abiria wawili kwa muda gani kabla navyo havijageuka unga?