Mafuta ya Taa Ndani ya Chupa ya Soda: Mbona Mtoi wa Keja Ndogo Ndiye Huumia

Mzazi, ile chupa ya soda umeweka mafuta ya taa iko wapi saa hii? Kama iko sakafuni kando ya stovu, hapo kuna noma. Mtoi wa miaka 2 hajui mafuta, yeye anaona soda tu. Wenye doo wanapikia gesi, sumu wanafungia kabatini. Wewe unanunua ya kupima, keja ni chumba kimoja, kabati utaweka wapi? Basi gonga msumari juu ukutani, itundike hapo kwa mfuko. Na akishakunywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa ndio atapike! Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na hapo ndipo huua. Mkimbize hosi na hiyo chupa, hata kama anaonekana yuko poa.